Okinawa: kisiwa kidogo, bendi kibao, na mji mmoja unaitwa Koza

Kama ulikua unaangalia anime miaka ya 2000 basi we tayari ni shabiki wa muziki wa Okinawa, hujajua tu. Ile ngoma ya kwanza kabisa ya kufungulia Bleach, "Asterisk", ni ya Orange Range. Ya tatu, "Ichirin no Hana", ile dada anaimba vizuuri alafu jamaa anaingia na makelele yake, hao ni High and Mighty Color. Kuna moja ya kufungia inaitwa "Hitohira no Hanabira", hao ni madada watatu wanaitwa Stereopony. Ukienda Naruto unakuta "Viva Rock", Orange Range tena, ukienda Code Geass R2 unakuta "O2", Orange Range tena jamani. Na wote hao wametoka mkoa mmoja, sio Tokyo sio Osaka, ni Okinawa.

Sasa huo mkoa wenyewe una watu kama milioni 1.4 na kitu hivi, yani kwenye Wajapani mia moja ni mmoja tu wa huko. Upo kusini mwisho kabisa, visiwa vimetawanyika baharini, kutoka Naha, mji mkuu wa mkoa, mpaka Tokyo ni zaidi ya kilomita 1,500 wakati kwenda Taipei ni mia sita na ushee tu. Alafu ndo umetoa Amuro Namie, SPEED, MAX, Da Pump, BEGIN, Kiroro, Cocco, Mongol800, HY, Awich, na hapo wazee sijawagusa bado.

Ukiuliza imekuaje, watu wana jibu moja wanalirudia kila sehemu: ni watu wa kisiwani, wana bahari na jua, wana furaha, muziki upo kwenye damu. Mi hilo jibu limeshanichosha. Visiwa vyenye bahari na jua viko vingi tu duniani na havijatoa Orange Range. Ukifatilia hizi bendi moja moja, nani alikua nani, baba yake alifanya nini, walianzia kupiga wapi, unakuta njia nyingi zinarudi kwenye vita, kwenye kambi ya jeshi la Marekani na kwenye mabaa yaliyokua nje ya geti la hiyo kambi. Ufukwe hauhusiki sana kwakweli, ufukwe ni wa watalii.

Tuanze na kopo, maana ni kopo kweli.

Okinawa wana chombo chao kinaitwa sanshin. Nyuzi tatu, shingo ndefu nyembamba, na kale kamwili kadogo kamewambwa ngozi ya chatu, ngozi yenyewe inatoka nje maana kwao chatu wakubwa hivyo hawapo. Kinapigwa na kitu kama kucha kubwa ya pembe ya nyati unaivaa kwenye kidole cha shahada. Chombo kilitokea China, kikakaa kwenye ufalme wa Ryukyu, ndo Okinawa ya zamani hiyo, miaka na miaka, alafu kwenye karne ya 16 ndo kikavuka kwenda Japani na huko kikageuka kuwa shamisen, kwahiyo ile shamisen ambayo watu wanaiona kama ndo Ujapani wenyewe, ni mtoto wa sanshin. Watu wa Okinawa wanalijua hilo na hawasahau kukukumbusha.

1945 vita ikatua pale. Kuanzia Aprili mpaka Juni kisiwa kiligeuzwa majivu, waliokufa pande zote ni zaidi ya watu 200,000 na kuna makadirio yanasema raia mmoja kati ya wanne alikufa. Waliobaki wakawekwa kwenye kambi na Wamarekani. Sanshin zimeungua, nyumba zimeungua, kila kitu kimeungua. Sasa watu wakafanya nini, wakachukua makopo matupu ya chakula cha jeshi, wakachukua mbao za vitanda vya kukunja vya wanajeshi wakachonga shingo, nyuzi wakatoa kwenye kamba za parachuti au waya za simu, wakaunganisha wakaanza kupiga. Wanaiita kankara sanshin na mpaka leo inatengenezwa, watoto wa shule wanajifunzia hiyo kwasababu ni bei rahisi. Sauti yake ni kavu, inakwaruza kidogo, haina ule mlio mzito wa ngozi, lakini ukiisikia huku unajua ilitokea wapi inakuingia vibaya sana.

Kwenye kambi ya Ishikawa kulikua na daktari wa meno anaitwa Onaha Buten, mtu wa vichekesho huyo. Yeye na kijana wake wa kumfata fata, Teruya Rinsuke, walikua wanatembea usiku nyumba kwa nyumba na sanshin, wanaingia kwa watu ambao wamefiwa juzi tu, wanawaambia tumekuja kusherehekea uhai. Watu wanashangaa, uhai gani, tumepoteza watu wote hawa, na jibu lao likawa kwamba ndo maana, waliobaki wasipocheka nani atacheka. Sijui mi ningekua na ujasiri wa kumgongea mtu mlango kwa maneno hayo. Ila weka hili jina kichwani, Teruya, tutakutana nalo.

Haya sasa Koza.

Koza ni mji uliokua pembeni ya kambi ya anga ya Kadena. Kiserikali siku hizi unaitwa Okinawa City, walibadilisha 1974, ila watu bado wanasema Koza. Mpaka tarehe 15 Mei 1972 Okinawa ilikua chini ya Marekani, pesa ilikua dola, magari yalipita kulia (hilo liliendelea mpaka 1978), na mtu wa Okinawa akitaka kwenda Tokyo anabeba hati ya kusafiria kama anaenda nchi nyingine. Vita ya Vietnam ilipopamba moto, ndege za B-52 zilikua zinaruka kutoka Kadena, na vijana wa Kimarekani wa miaka 19, 20, walikua wanashushwa Koza na mshahara wote mfukoni, wengine hawajui kama watarudi, kwahiyo wanakunywa zote. Simulizi za wenye mabaa wa wakati ule ni kwamba dola zilikua nyingi mpaka zinashindiliwa kwenye ndoo kwa mguu.

Ili baa iruhusiwe kuhudumia wanajeshi ilibidi ipate kibali cha usafi, kinabandikwa ukutani, herufi A kubwa. Na baa yenye kibali inahitaji bendi. Sasa fikiria we ni kijana wa Okinawa una gitaa, unapanda stejini, mbele yako kuna watu waliolewa, wana hasira, wana hofu, na wanazijua hizo nyimbo kuliko wewe maana ni nyimbo za kwao. Ukikosea chupa inakuja. Ukipiga vizuri wanalia. Usiku mmoja seti kibao, kesho tena, keshokutwa tena. Alafu mji wenyewe uligawanyika, mitaa ya upande wa Goya ilikua ya wanajeshi weupe, na mtaa wa Teruya (jina tu limefanana na la yule kijana) ulikua wa weusi, mmoja unasikia roki mwingine unasikia soul, na mwanamuziki anayetaka kula ilibidi ajue anapiga wapi leo.

Hiyo ndo shule iliyowatoa Murasaki. George Murasaki anakaa kwenye kinanda cha Hammond, bendi ilianza 1970 na Deep Purple, ile bendi ya roki ya Waingereza, ndo walikua dini yao, na wakati bendi nyingi za Tokyo bado zinajifunza roki kwenye sahani za santuri, hawa walikua wanaipiga kila usiku mbele ya wenye roki yao. Walipokuja kutoa albamu 1976 na kwenda kupiga Japani bara watu walishangaa hawa wametokea wapi. Kulikua na Condition Green pia, na dada mmoja hatari sana, Kyan Marie, aliyekuja kuimba na Medusa. Ukitaka kusikia mwanamke anapiga roki bila kuomba ruhusa ya mtu, tafuta huyo.

Na msije mkadhani palikua pazuri. Usiku wa tarehe 20 Desemba 1970 mwanajeshi alimgonga mtu na gari pale Koza, na kwasababu watu walikua wameshachoka, wanajeshi wanaua na kubaka na kuachiwa, mji ukalipuka, magari ya Wamarekani zaidi ya 70 yakachomwa moto usiku huo. Mji uleule, mwaka uleule Murasaki wanaanza. Wanaume wanaopigiwa muziki usiku ndo haohao mji unawachukia asubuhi, na pesa ni ya kwao. Mi nikisikiliza roki ya Koza nasikia hicho kitu, ile hali ya kumtegemea mtu usiyemtaka, na hakuna jua wala bahari hapo.

Sasa wakati wenzake wanapiga za Wamarekani, kijana mmoja wa hukohuko Koza akaenda njia tofauti. Kina Shoukichi, kazaliwa 1948, baba yake Kina Shoei alikua muimbaji mkubwa wa nyimbo za asili. Kina akachukua nyimbo za namna ya baba yake akaziwekea gitaa la umeme, besi na dramsi, akaimba kwa lugha ya Okinawa sio Kijapani, na lugha ya Okinawa mtu wa Tokyo haelewi kabisa. Bendi ikaitwa Champloose, dada zake na mke wake Tomoko wanaitikia nyuma. Wimbo uliomtoa ni "Haisai Ojisan", aliuandika akiwa bado mwanafunzi.

Huo wimbo inabidi niukalie kidogo. Ukiusikia mara ya kwanza ni vurugu ya furaha, mtoto anamsalimia mzee wa jirani, anamuuliza vipi ile chupa ya jana imebaki kitu, nigaie basi, na mzee anamjibu kwa kumpiga mikwara. Watu wanacheka, wanainua mikono juu wanacheza kachashi, filimbi za vidole zinalia. Ila Kina mwenyewe alishaeleza kwamba huyo mzee alikuwepo kweli, alikua jirani yao, familia yake iliingia kwenye msiba mmoja mbaya sana usiosimulika, baada ya hapo akawa mtu wa pombe na mtaa mzima ukamtenga, na huyu mtoto akawa mmoja wa wachache wanaoongea nae. Ndo ukirudi kuusikiliza unakuta ile salamu ina uzito mwingine kabisa. Huo wimbo siku hizi unapigwa na matarumbeta kwenye mashindano ya besiboli ya sekondari kule Koshien kila timu ya Okinawa ikiingia uwanjani, mpaka 2010 palitokea mjadala kwamba jamani huu si wimbo wa mlevi, watoto wa shule unawahusu nini. Mwaka huohuo shule ya Konan kutoka Okinawa ikabeba kombe la masika na la kiangazi yote mawili, kwahiyo mjadala ukafa kifo cha kawaida.

1980 Kina akatoa albamu ambayo Mmarekani Ry Cooder yumo kwenye gitaa, na humo ndo kuna ule wimbo wa maua, "Hana", ambao umeimbwa tena Asia nzima, Emil Chau aliuimba kwa Kichina 1993 ukawa mkubwa mno. Wachina wengi wanaukariri wakidhani ni wa kwao. Kama vile Kiroro, wale madada wawili wa Yomitan, "Mirai e" yao iliimbwa na Rene Liu kwa Kichina na ikawa ndo ile "Houlai" ambayo kila mtu mzima wa huko amelilia mpenzi nayo. Kina baadae akaingia siasa, 2004 akachaguliwa kwenye baraza la juu la bunge la Japani. Sina la kusema kuhusu siasa zake, mi nabaki na albamu ya laivu ya 1977 inanitosha.

Teruya tuliyemuacha kambini je? Alikulia na kuzeekea Koza, akawa mchekeshaji na mwanamuziki, akajitangaza rais wa maisha wa nchi huru ya Koza, utani lakini anauongea akiwa kakaza uso. Mtoto wake ni Teruya Rinken, ndo Rinken Band hao, walianza 1977, muimbaji ni mke wake Uehara Tomoko mwenye ile sauti inayopanda juu bila kutumia nguvu. Kwahiyo kutoka kwa yule kijana aliyekua anagonga milango kambini mpaka kwenye mavazi ya rangi na dansi za stejini miaka ya 90 ni baba na mwana tu, hakuna umbali.

Kitu kimoja cha kiufundi alafu tuendelee. Ukitaka kujua kwanini nyimbo hizi unazitambua sekunde tano tu, chukua kinanda upige do mi fa so si do, ruka re, ruka la. Umemaliza, upo Okinawa. Ndo maana hata ambaye hajawahi kukanyaga kule anaweza kutunga wimbo wa "Okinawa", na wapo waliofanya hivo. Wimbo maarufu kuliko wote wa Okinawa, "Shima Uta", ni wa The Boom, na Miyazawa Kazufumi wa The Boom ni mtu wa Kofu, mkoa wa Yamanashi, huko hakuna hata bahari. Alienda kwenye makumbusho ya vita ya Himeyuri kule Okinawa akamsikiliza mama aliyenusurika vita, akaandika. Kuna kipande katikati ya wimbo anaacha ile skeli ya Okinawa makusudi anarudi kwenye ya kawaida, amesema mwenyewe hapo ni sehemu ya kuagana kwa waliokufa na aliona yeye kama mtu wa bara hana haki ya kutumia skeli yao hapo. Ukishajua hilo huwezi kuacha kulisikia. Alafu kuna Muajentina, Alfredo Casero, akaurekodi hivyohivyo kwa Kijapani na ukawa wimbo wa mashabiki wa Argentina kwenye Kombe la Dunia la 2002. Dunia hii bana.

Miaka ya 90 Okinawa kwa wengi ilikua ni kitu kimoja tu: Okinawa Actors School, chuo cha Makino Masayuki pale Naha, kilianza 1983. Kimetoa Amuro Namie, MAX, SPEED, Da Pump. SPEED walitoka 1996, mdogo wao alikua na miaka 12, na ndani ya miaka minne wameuza mamilioni na wamevunjika. Amuro ndo malkia, hilo halina ubishi, 2000 viongozi wa G8 walipokutana Okinawa yeye ndo aliyewaimbia "Never End", na alipoamua kuacha muziki 2018 shoo ya mwisho alirudi kuifanyia nyumbani, Ginowan, tarehe 15 Septemba, kesho yake akastaafu kweli na hajarudi. Namheshimu sana. Ila huo ni muziki uliopikwa Tokyo na maprodyuza wa Tokyo, Okinawa ilitoa miguu na sauti, na kwa hii posti sina mengi ya kuongeza hapo.

Kilichonivutia mimi zaidi ni kilichotokea baada ya hapo, kwasababu vijana waliofata hawakupanda ndege.

Mongol800 walikua jamaa watatu wa Urasoe, walianza 1998 wakiwa sekondari. Kiyosaku besi na kuimba, Takashi gitaa (alitoka 2018), Satoshi dramsi. Punk tu ya kawaida, kodi za gitaa (chords) nne tano, haraka haraka. Septemba 2001 wakatoa albamu "Message" bila lebo kubwa yoyote nyuma yao, na hao jamaa TV hawaendi. Albamu ikaanza kupanda polepole, mtu anamwambia mtu, mpaka 2002 ikakaa namba moja kwenye chati ya Oricon, albamu ya kwanza ya lebo ndogo kufanya hivo, na mauzo yakaishia zaidi ya nakala milioni 2.8. Milioni mbili nukta nane, bendi ya watoto watatu kutoka kisiwani. Humo ndo kuna "Chiisana Koi no Uta", na kama umewahi kuona bendi yoyote ya sekondari kwenye tamasha la shule la Kijapani basi umewaona wanaipiga hiyo, ni kama sheria. Na baada ya hizo pesa zote wakabaki Okinawa. 2009 wakaanzisha tamasha lao wenyewe hukohuko kwahiyo sasa bendi za Tokyo ndo zinapanda ndege kuwafata.

HY nao hivohivo. Hao ni wa Uruma, jina limetoka kwenye mtaa wao, Higashi Yakena, walianza 2000 na walikua wanapiga barabarani pale Mihama, Chatan, kwenye lile eneo la maduka linaloitwa American Village, pembeni tu ya kambi (unaona tunarudi palepale). Wavulana wanarap, Nakasone Izumi yupo kwenye kinanda na sauti ya kukuvunja moyo. 2003 "Street Story" yao ikakaa namba moja wiki nne mfululizo, lebo ndogo tena. "366 Nichi" ya 2008 mpaka leo watu wanaipigia karaoke usiku wa manane na kuharibu urafiki.

Sasa Orange Range wao walisaini lebo kubwa, 2003, ila ni Koza damu. Walianza 2001 wakiwa bendi ya kukopi nyimbo za watu, na ukiwasikiliza vizuri hilo halijawahi kuwatoka, wanachukua kila kitu, roki, rap, disko, vichekesho, wanatupa kwenye sufuria moja. Waimbaji watatu, Yamato anakaa juu, Hiroki katikati, Ryo chini kabisa kama yuko kisimani, wanapokezana haraka mpaka hujui nani ni nani. "musiQ" ya Desemba 2004 iliuza zaidi ya milioni 2. Walitukanwa sana kwamba wanaiba midundo, na mi sitawatetea kwenye kila wimbo, ila nikikumbuka kwamba huo ni mji ambao kwa miaka kumi na zaidi kazi ya mwanamuziki ilikua kupiga nyimbo za wengine vizuri kuliko wenyewe, siwashangai hata kidogo.

Koza imemlea pia Alberto Shiroma, huyu kazaliwa Lima, Peru, wazee wake walihama Okinawa kama walivyohama maelfu kwenda Peru, Brazil na Hawaii kwasababu kisiwani kulikua na njaa. Akaja Japani akitaka kuwa muimbaji wa enka, zile nyimbo za huzuni za kizamani za Kijapani, akaishia Okinawa na bendi ya Diamantes tangu 1991, Kihispania, Kijapani na maneno ya Okinawa kwenye wimbo mmoja. Wimbo wa "Gambateando" ukiusikia asubuhi siku nzima umekwisha.

Nisiwasahau watu wa Ishigaki maana watanimaindi, kule ni mbali zaidi kusini na wana nyimbo zao tofauti na za kisiwa kikubwa. BEGIN wametoka huko, marafiki watatu wa tangu utotoni, walitoka 1990 wakipiga blues. Wao ndo walitunga muziki wa "Nada Sousou", maneno akaandika Moriyama Ryoko kwa ajili ya kaka yake aliyekufa mapema. Alafu kuna dada wa Ishigaki, Natsukawa Rimi, alienda kujaribu enka kwa jina lingine akafeli, akarudi nyumbani, akaja kuusikia huo wimbo 2000 BEGIN wakiupiga kwenye TV wakati wa ile G8, akawaomba. Toleo lake la 2001 ndo unalolijua wewe. Anauimba kama hataki kukusumbua, ndo maana unalia. BEGIN hawakuishia hapo, wakaenda kwa watengeneza magitaa wa Yairi wakaunda chombo kipya cha nyuzi nne, nusu gitaa nusu sanshin, unabana kidole kimoja tu kodi inatoka, ili mzee ambaye hajawahi kushika chombo nae apige.

Kwa anayetaka kuanza: usianze na "Shima Uta", utaizoea mapema mno. Anza na Champloose ya 1977, ni laivu, imerekodiwa kwenye klabu yao hukohuko, unasikia watu wanavyopiga kelele. Kisha Noborikawa Seijin, mzee huyo wanamuita Jimi Hendrix wa Okinawa na sio kwa utani, alijitengenezea mpaka sanshin ya nyuzi sita. Kisha ruka moja kwa moja mpaka "Message". Ukiweza, tarehe 4 Machi tafuta redio ya Okinawa mtandaoni, ni siku ya sanshin, kuanzia mchana kila saa wanapiga wimbo mmoja wa zamani wa ufunguzi na watu majumbani wanapiga pamoja na redio.

Na rap ipo, tena moto. "RASEN in OKINAWA" ya 2023, Awich, Tsubaki, OZworld na Chico Carlito wanapokezana mistari, Kijapani kinachanganyika na lugha ya nyumbani bila kumsubiri msikilizaji. Awich ni wa Naha, kazaliwa 1986, Kiingereza alikiokota mapema tu maana Wamarekani wamejaa kule, 2022 akajaza Budokan, ule ukumbi mkubwa wa Tokyo. Huyo ntamwandikia posti yake peke yake wiki ijayo, hapa hatoshi.